Kufikia Bei ya Haki ya Saa ya Kifahari Iliyotumika, Malindi

Malindi saa za bei kubwa huuzwa mbali na duka. Mwitaliano aliyeishi Casuarina miaka mingi anauza nyumba na kurudi kwao. Familia inagawa mirathi. Mwenye boti Watamu anahitaji injini kabla ya msimu kuanza. Saa inatolewa kwenye droo, inawekwa mezani, bei inatajwa kwa kukisia. Mwenye saa hukumbuka bei ya saa mpya aliyoiona dukani Dubai akapunguza kidogo. Mnunuzi huikata nusu. Wakikutana katikati kila mmoja anadhani amepunjwa, na mara nyingi mmoja wao kweli amepunjwa.

Bei ya haki haianzii kwa saa mpya. Huanzia kwenye pesa ambazo watu wengine wamelipa miezi hii kwa saa ya modeli hiyohiyo iliyotumika. Kutoka hapo unatoa gharama za kasoro za saa iliyo mbele yako, moja baada ya nyingine, kila moja kwa shilingi zake. Hapa pwani kasoro kubwa huwa haionekani kwa macho, kwa kuwa chumvi huila saa kuanzia ndani ya nyuzi (mistari ya skrubu) za kitufe cha kutilia ufunguo na chini ya kifuniko cha nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima hali ya saa.

Ijue kwanza ni saa gani hasa

Jina pekee halitoshi. "Rolex Submariner" ni jina la saa kadhaa zenye bei zilizoachana mbali. 16610 ni ya milimita 40, ina mashine ya 3135 na pete ya alumini inayozunguka kioo, na ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2010. Ikafuatwa na 116610LN yenye pete ya kauri, kisha mwaka 2020 ikaja 126610LN ya milimita 41 yenye mashine ya 3235. Anayeuza ya kwanza kwa bei ya ya tatu hatapata mteja; anayeuza ya tatu kwa bei ya ya kwanza atapata wateja kumi kabla ya magharibi.

Kwenye Rolex za zamani namba ya modeli imechongwa kati ya pembe mbili zinazoshika mkanda upande wa saa 12 (kwa kusoma uso wa saa), na namba ya siriali upande wa 6. Lazima mkanda utolewe ndipo uzione. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 siriali ilihamishiwa kwenye ukingo wa ndani unaozunguka uso, inaonekana kupitia kioo. Tarakimu ya mwisho ya namba ya modeli nayo inaeleza: 16610 ni chuma, 16613 ni chuma na dhahabu ya manjano, 16618 ni dhahabu tupu. Kwa Datejust, modeli nyingine ya Rolex, 16233 ni chuma na dhahabu ya manjano, 16234 ni chuma chenye pete ya dhahabu nyeupe.

Siriali husaidia kukadiria mwaka hadi 2010 hivi; baadaye Rolex walianza kutumia namba zisizofuatana, na hapo ni kadi ya dhamana tu inayotaja tarehe ya kuuzwa. Maandishi madogo chini ya saa 6 usoni nayo ni ushahidi, kwa kuwa yanataja rangi inayong'aa gizani iliyotiwa kwenye nukta: "SWISS T<25" ni tritiamu, iliyotumika hadi karibu 1998, "SWISS" peke yake kwenye saa ya mwisho wa miaka ya 1990 ni Luminova, "SWISS MADE" ni Super-LumiNova iliyofuata. Siriali ikisema 1993 na uso ukisema "SWISS MADE", uso umebadilishwa. Kwa mvaaji hilo si kosa. Kwa mkusanyaji ni punguzo.

Halisi, feki, au ya kuungaunga

Saa feki haina bei, hata ikiwa imetengenezwa vizuri. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inaifanya biashara ya bidhaa hizo kuwa kosa la jinai nchini Kenya. Usikubali lugha ya "ni feki lakini ya daraja la kwanza, nipe elfu thelathini."

Usitegemee alama moja. Kioo kinachokuza tarehe, uzito, mwendo laini wa mkono wa sekunde: vyote vinaigwa. Feki za sasa huwekwa mashine iliyonakiliwa kutoka 3135 yenyewe, na asiye fundi hataiona tofauti hata kifuniko kikiwa wazi. Tazama mambo mengi kwa pamoja: umbo la herufi na kingo zake chini ya lenzi ya kukuza mara 10, kina cha mchongo wa siriali, tarehe inayoruka mara moja karibu na usiku wa manane (kwenye 3135 haijivuti polepole), pete ya Submariner inayozunguka upande mmoja kwa mibofyo 120. Kisha fundi anayezijua saa hizo aifungue. Gharama ya kukaguliwa huko Nairobi au Mombasa ni ndogo mno ukilinganisha na saa ya laki nane, na mwenye saa halisi hana sababu ya kuikataa mradi awepo au apewe stakabadhi.

Zaidi ya feki kamili, jihadhari na saa ya kuungaunga: mwili halisi, mashine halisi ya saa nyingine, uso uliopakwa rangi upya, mkanda wa kuiga. Hii ndiyo inayowatoa watu pesa nyingi kwa sababu kila kipande ukikitazama peke yake kinapita. Thamani yake si ya saa nzima. Ni jumla ya vipande halisi kama vipuri, basi.

Kutafuta bei ya msingi

Bei zinazotangazwa kwenye mitandao kama Chrono24 ni matumaini ya wauzaji. Zipo saa ambazo tangazo lake limekaa mwaka mzima kwa sababu hakuna anayelipa pesa hizo. Unachokitafuta ni bei zilizolipwa. eBay ina kichujio cha bidhaa zilizouzwa. Nyumba za mnada huchapisha matokeo yao, ila kumbuka matokeo hayo kwa kawaida yamejumuisha ada ya mnunuzi, kwa hiyo muuzaji aliondoka na pesa pungufu. Kama una matangazo tu, chukua ya chini kati ya yale yenye picha za kweli na maelezo kamili, kisha uyapunguze tena kidogo, kwa sababu mazungumzo ya bei hufanyika hata huko.

Kusanya mauzo kumi ya modeli ileile, yaliyofanyika ndani ya miezi mitatu. Yaliyopitwa na wakati hayafai: bei za saa hizi zilipanda sana hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikashuka, na mpaka leo kuna wauzaji wanaoshikilia bei za wakati ule. Yatupe mauzo yaliyo juu kupita kiasi au chini kupita kiasi, hasa yenye picha mbovu. Usitumie bei za saa zilizotumika ambazo Rolex wenyewe huzithibitisha kupitia mawakala wao, mpango ulioanza Desemba 2022, kwa kuwa zile zinabeba dhamana ambayo wewe huwezi kuitoa. Panga zilizobaki kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Wastani wa kujumlisha na kugawanya huvutwa na saa moja ya ajabu. Ya katikati haivutwi.

Unapokusanya, andika kando ya kila moja: ilikuwa na boksi na kadi? Ilikuwa imefanyiwa sevisi? Muuzaji alikuwa duka lenye dhamana au mtu binafsi? Bila maelezo hayo utajikuta unapunguza kitu kimoja mara mbili. Kama mauzo yako yote ni ya saa zisizo na kadi, hupaswi kutoa tena shilingi kwa sababu hii ya kwako haina kadi.

Hali ya saa, na chumvi ya Malindi

Anza na kitufe cha kutilia ufunguo. Kwenye saa za kuzamia kimefungwa kwa nyuzi. Kifungue polepole: kinapoachia kinapaswa kusukumwa nje kidogo na springi yake. Kikisaga kama kina mchanga, mara nyingi ni mchanga kweli, au chumvi iliyoganda. Kifunge tena. Kikikataa kushika, au kikishika nusu mzunguko kisha kikaruka, nyuzi za mrija kinamofungwa zimekwisha, na saa hiyo haizuii maji hata kama uso umeandikwa mita 300. Hitilafu hii huletwa na mvaaji anayeogelea Silversands kila siku bila kuisuuza saa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi hukauka ndani ya nyuzi, na kila akifunga kitufe ni kama anazipiga msasa. Kwenye Omega Seamaster 2531.80 angalia pia ile vali ya heliamu, ya kutolea gesi kwa wapiga mbizi wa kina kirefu, upande wa saa 10. Wengi huizungusha kwa kuidhania pambo na kuiacha imelegea.

Pete ya nje ikigoma kuzunguka, sababu ni chumvi na vumbi chini yake, na kuisafisha si gharama kubwa. Alumini iliyopauka kwa jua usiiharakishe kuibadilisha. Kwenye saa za zamani kuna wanaoipenda hivyo, na pete ya asili ni bora ibaki na saa.

Kisha kifuniko cha nyuma, na hapa usione haya kusisitiza kifunguliwe na fundi. Jasho na maji ya bahari hukaa kwenye mwanya mwembamba kati ya kifuniko na mwili, mahali hewa haifiki, na chuma hata kikiwa cha pua huanza kuchimbika vijishimo. Vijishimo vilivyo nje ya mpira wa kuzuia maji ni kasoro ya sura. Vikifika pale mpira unapokaa, mpira mpya hausaidii, maji yatapita chini yake. Hapo mwili unahitaji kujazwa kwa kuchomelewa kwa leza na kuchongwa upya, kazi ya karakana maalumu nje ya nchi. Punguzo lake ni kubwa, na kwa saa ya bei ya kati laweza kuifanya saa isistahili kununuliwa.

Ni fundi wachache wa hapa walio na mashine ya kupimia uzuiaji wa maji kwa mgandamizo wa hewa. Ikikosekana, lipo jaribio dogo la kugundua unyevu ulioingia tayari: pasha saa moto kiasi, digrii 40 hivi, kwa kuiacha juu ya kitu chenye joto la wastani, kisha dondosha tone la maji baridi juu ya kioo. Dakika moja baadaye futa. Pakibaki ukungu chini ya kioo mahali palipokuwa na tone, ndani kuna unyevu. Pasipoonekana kitu, umejua tu kwamba leo ndani ni pakavu. Hujajua kwamba saa itazuia maji kesho. Usiizamishe saa kwenye ndoo kuijaribu.

Mashine ya ndani hupimwa kwa chombo kidogo kinachosikiliza mlio wake. Kinaonyesha mambo matatu. La kwanza ni mwendo, sekunde ngapi saa inapata au kupoteza kwa siku. Saa iliyopita kipimo cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, ilitoka kiwandani ikiwa kati ya −4 na +6. La pili ni upana wa mzunguko wa balansi, gurudumu dogo linalopiga huku na huko, kwa digrii. Saa iliyotiwa ufunguo kamili na kulazwa chali, uso ukitazama juu, ikisoma 270 hadi 310 ina afya. Ikisoma chini ya 220, mafuta yamekauka au kuna uchafu, sevisi haikwepeki. La tatu ni tofauti kati ya mpigo wa kwenda na wa kurudi, ambayo ikizidi milisekunde 1 inahitaji marekebisho. Hakikisha fundi ameweka kwenye chombo pembe sahihi ya balansi ya modeli hiyo: kwa Rolex 3135 ni digrii 52. Pembe isiyo sahihi hutoa usomaji wa uongo, na bishano la bei likajengwa juu ya uongo huo. Pima uso ukiwa juu, uso ukiwa chini, na kitufe kikitazama chini. Tofauti kubwa kati ya mikao hii hueleza zaidi kuliko wastani mzuri.

Saa ikikimbia dakika kadhaa kwa siku ghafla, usikate bei ya sevisi bado. Huenda imeshikwa na sumaku ya spika au kifuniko cha simu, na miviringo ya springi inagusana. Sogeza dira karibu. Sindano ikicheza, kuna sumaku. Kuitoa ni kazi ya sekunde chache na pesa kidogo.

Uso wa saa ndio unaobeba thamani kuliko sehemu nyingine yoyote ya nje. Tritiamu hubadilika kuwa rangi ya krimu kwa miaka, na krimu inayolingana usoni na kwenye mikono ya saa ni jambo la kupendeza. Unyevu unapoingia, nukta hizo huota madoa meusi na kumomonyoka, na punje zake huanguka kwenye mashine. Uso uliopakwa rangi upya hupunguza bei zaidi ya uso uliochakaa kwa umri tu, kwa sababu uliochakaa bado ni wa asili. Mulika saa kwa taa ya urujuanimno (UV): nukta za uso na mikono zikiitikia mwanga kwa namna mbili tofauti, kimoja kimebadilishwa.

Kuhusu mwili, tazama pembe nne kwa ubavu. Zikiwa nyembamba na zenye mviringo badala ya kingo zilizonyooka, saa imepigwa polishi mara nyingi. Chuma kilichosagwa hakirudi. Mikwaruzo ya kawaida, kwa upande mwingine, iache ilivyo. Wauzaji wengi huipeleka saa kung'arishwa mjini kabla ya kuiuza, wakidhani wanaongeza bei, kumbe wanaipunguza.

Mkanda wa chuma: shika saa kwa ubavu, mkanda ukae mlalo. Ukiinama sana kama mnyororo, pingili zake zimelika. Hesabu pingili pia. Mkanda uliopunguzwa kwa mkono wa sentimita 16 hauwezi kuvaliwa na mtu wa sentimita 20, na pingili halisi za ziada huuzwa mojamoja kwa bei inayouma. Ukanda wa ngozi usiupe thamani yoyote. Joto na jasho la hapa huumaliza ndani ya miezi.

Sevisi inagharimu nini, na kwa nini inatofautiana

Omba bei ya sevisi kwa maandishi kabla ya kuafikiana bei ya saa. Rolex hawauzi vipuri ovyo kwa mafundi wa nje, kwa hiyo sevisi yake ya uhakika hupitia kwa wakala au fundi mwenye akaunti ya vipuri. Seamaster 2531.80 ina mashine iliyojengwa juu ya ETA 2892-A2, ambayo mafundi wengi wanaijua na vipuri vyake vya msingi vinapatikana. Panerai Luminor PAM00111 imejengwa juu ya Unitas 6497, mashine kubwa, rahisi, inayotiwa ufunguo kwa mkono; hofu ya sevisi yake isikukateshe pesa nyingi. Ukipeleka saa yenye uso wa tritiamu kwa wakala, agiza kwa maandishi kwamba uso na mikono ya asili isibadilishwe. Vikibadilishwa utarudishiwa saa inayong'aa na isiyo na ile thamani uliyoilipia.

Hesabu yenyewe

Tuseme mezani kuna Rolex 16610 ya miaka ya 1990, uso "SWISS T<25" wa asili, haina boksi wala kadi. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, wewe weka za wiki yako.

Mauzo saba yaliyobaki baada ya kuchuja, yote ya saa zisizo na kadi, kwa dola: 7,900, 8,100, 8,250, 8,400, 8,600, 8,700, 9,100. Ya katikati ni 8,400. Kwa dola moja shilingi 129, msingi ni Sh 1,083,600.

Mauzo hayo yalikuwa ya maduka yanayotoa dhamana ya mwaka. Muuzaji wetu ni mtu binafsi, anauza ilivyo. Toa asilimia 8, yaani Sh 86,688, inabaki 996,912. Chombo kimesoma digrii 215 na hakuna anayejua sevisi ya mwisho ilikuwa lini: sevisi 95,000 na usafiri wenye bima hadi Nairobi 6,000, inabaki 895,912. Mrija na kitufe vimekwisha nyuzi, 18,000, inabaki 877,912. Pingili mbili hazipo, 9,000 kila moja, inabaki 859,912. Vijishimo vya nje kwenye kifuniko, bado havijafika kwenye mpira, 15,000, inabaki 844,912. Pete iliyopauka: sifuri.

Mwisho, weka fungu la yasiyojulikana. Saa iliyoishi ufukweni ikifunguliwa kabisa huweza kutoa kutu kwenye skrubu au kwenye mhimili wa kitufe. Asilimia 3 ya msingi ni 32,508. Inabaki Sh 812,404.

Bei ya haki basi ni kama 810,000, na makubaliano yoyote kati ya 780,000 na 840,000 hayamwonei mtu. Ukiwa muuzaji, karatasi hii ndiyo ngao yako mbele ya anayekuambia "hii ni mzigo wa zamani, chukua laki tano." Ukiwa mnunuzi, ndiyo jibu lako kwa anayekutajia milioni na nusu. Muonyeshe mwenzako mstari kwa mstari. Abishane na mstari, asibishane na wewe. Kama hakubali kwamba mrija umekwisha nyuzi, mfungulie kitufe mbele yake.

Mfanyabiashara anayelipa pesa taslimu leo ni bei nyingine. Atalipia sevisi, ataiweka saa miezi, atatoa dhamana kwa mteja wake. Akitoa asilimia 15 chini ya bei ya haki, yaani karibu 690,000, hajakudhulumu. Umeuza haraka na umelipia haraka hiyo. Akitoa nusu, nenda kwingine. Na dalali akihusika, elewaneni ada yake kabla hajaonyesha saa kwa mtu, na nani anailipa. Asilimia 5 ya 810,000 ni 40,500, na muuzaji atabaki na 769,500. Dalali anayeficha bei ya muuzaji kwa mnunuzi ili abakishe kinachozidi huvuruga hesabu yote iliyotangulia, kwa hiyo pande mbili zikutane ana kwa ana wakati wa malipo.

Dhahabu ina sakafu

Kwa saa ya dhahabu tupu ya karati 18, yenye alama 750, kuna bei ambayo haipaswi kushuka chini yake: gramu za dhahabu pekee, mara 0.75, mara bei ya gramu ya dhahabu safi siku hiyo. Uzito wa mashine, kioo na springi lazima utolewe kwanza. Sonara akikupa bei hiyo, ni sakafu tu. Saa nzima inayotembea karibu kila mara ina thamani zaidi, na ikishayeyushwa hairudi. Kwa saa za chuma na dhahabu kama 16233 sakafu hii ni ndogo, usiipe nafasi katika mazungumzo.

Boksi, kadi, na njia ambayo saa iliingia nchini

Kadi ya dhamana yenye siriali inayolingana huongeza bei. Boksi tupu huongeza kidogo sana, kwani maboksi huuzwa yenyewe mtandaoni. Risiti za sevisi kutoka kwa wakala zina uzito wa kweli kwa sababu zinathibitisha uhalisi wakati ule ilipofunguliwa.

Saa ambayo tayari imelipiwa ushuru hapa inaweza kuuzwa juu kidogo ya msingi wa Ulaya, kwa sababu anayetaka kuagiza nyingine atalipa usafiri, bima, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hajaivaa. Lakini mgeni aliyeingia nayo mkononi kama kitu chake cha safari kisha akataka kuiuza ana suala la ushuru la kumaliza na KRA, mamlaka ya mapato. Liulizeni mapema, na anayelibeba aandikwe kwenye mkataba.

Majira nayo yanagusa bei. Desemba hadi Machi, na tena Julai hadi Septemba, wageni na wenye nyumba wapo na wanunuzi ni wengi. Mvua za masika zikianza mji hupoa. Muuzaji asiye na haraka asiuze Mei.

Siku ya malipo

M-Pesa inapitisha hadi Sh 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, hivyo haitoshi kwa saa hii kwa mkupuo. PesaLink, ya kutuma pesa kati ya benki, inafika 999,999 kwa muamala. Kuanzia milioni moja tumia RTGS, uhamisho wa benki kwa benki wa kiasi kikubwa. Hundi haivuki milioni moja, na muuzaji asiikabidhi saa kwa hundi isiyoiva. Picha ya ujumbe wa malipo si malipo. Subiri pesa zisomeke kwenye akaunti yako mwenyewe.

Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: majina na namba za vitambulisho au pasipoti, modeli, siriali, kasoro zote zilizokatwa bei, kiasi kilicholipwa, na sentensi kwamba muuzaji ndiye mmiliki na anarudisha pesa zote ikithibitika saa ni feki au ya wizi. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na "sikujua" ni ngumu kuaminika kwa mtu aliyenunua Rolex kwa laki moja nyuma ya stendi. Kama saa imerithiwa, omba barua ya urithi au saini za warithi wote. Kama muuzaji anasema kadi ilipotea, aje na namba ya OB (kitabu cha matukio) kutoka kituo cha polisi. Siriali ipigwe picha mkiwa wote mezani, mkanda ukiwa umetolewa, kisha mkanda urudishwe na mtu mwenye bisibisi sahihi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja mrefu kwenye pembe siku hiyohiyo ya mauzo unatosha kuanzisha ugomvi mpya wa bei.